Kukata na kufunga waya karakana kabla ya kupeleka saiti: hosteli ya vyumba 48, inalipa?

Fundi_Ihumwa (Dodoma)

Habari zenu wakuu. Nina kazi ya umeme hapa Dodoma chini ya mkandarasi mkuu, hosteli ya wanafunzi ya sakafu tatu. Kila sakafu vyumba 16, nane huku na nane kule, korido katikati. Jumla 48 na vyote kwenye mchoro vinafanana: taa mbili, feni moja, soketi pacha mbili, swichi mlangoni. Kila sakafu ina DB yake, yaani kasha la kugawia umeme. Saketi 8 za soketi, breka ya ampea 20 kwa kila vyumba viwili, na saketi 4 za taa. Korido na ngazi viko peke yake.

Nimezoea utaratibu wetu wa siku zote. Paipu kwenye slabu kabla ya zege, kuta zikipanda tunatindua na kupachika maboksi, plasta ikikauka tunavuta waya, rangi ikiisha tunafunga soketi na swichi. Sasa kinachoniumiza ni hicho kipindi cha kuvuta waya. Vijana wanabeba rola kutoka chumba hadi chumba, kila mtu anakata kwa macho yake, vipande vinabaki kila kona, na jioni rola moja haionekani. Mlinzi hajui, msaidizi hajui, mimi ndiye ninayelipa.

Nimekuwa naangalia video za Wamarekani wanavyofanya. Wana karakana, wanafunga waya na maboksi mezani, wanaandika namba ya chumba, gari linapeleka saiti, fundi ananing'iniza tu. Nikajiuliza, kama vyumba vyangu 48 ni vilevile, kwa nini nisikodi kibanda Ihumwa, niweke meza, nikate na kufunga kila kitu kule? Slabu ya kwanza imeshamwagwa. Ya pili shataringi (mbao za kushikilia zege) inaanza, kwa hiyo muda wa kubadilisha utaratibu bado upo.

Kuna aliyewahi kufanya hivi kwa nyumba zetu za tofali na zege? Nini kinafaa kufungwa karakana na nini niache? Na mkaguzi akija atakubali soketi iliyofungwa waya sehemu nyingine?

---

Mzee wa Tindo (Morogoro)

Mwanangu, umeme wa nyumba ni kama nguo ya kushona, unapimwa mwilini. Mchoro unasema chumba ni mita 3.6, nenda na futi yako saiti upime. Utakuta 3.55, cha pili 3.64, na ukuta wa tatu fundi mwashi aliuhamisha kwa sababu nguzo ilikaa vibaya. Nimefanya kazi hizi tangu waya nyekundu na nyeusi ndizo pekee zilizokuwa madukani, na sijaona nyumba iliyosimama sawasawa na karatasi.

Ukikata waya za vyumba 48 karakana na zikapungua sentimita 20, utafanya nini? Utaunga ndani ya paipu? Hapo ndipo utakaponiona nimekuja kukuchapa.

Dawa ya rola kuibwa ni stoo yenye kufuli na daftari la kutoa na kurudisha. Haihitaji kibanda cha kukodi.

---

Mzenji_Muscat

Assalaam alaykum. Shikamoo Mzee wa Tindo, maneno yako ya kipimo ni kweli na nitayarudia chini. Ila mie nafanya kazi hiyohiyo ya karakana hapa Muscat kwa kampuni ya umeme wa majengo, nimetoka Unguja nikiwa fundi wa kawaida wa tindo na nyundo, kwa hiyo pande zote mbili nazijua.

Kwanza tufahamiane kwa nini huku tumeanza. Hakuna aliyependa mambo mapya. Ni jua. Sheria ya Oman, kuanzia Juni mpaka Agosti, kazi za nje zinasimama saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu. Mafundi wakikaa saiti masaa hayo wanalala chini ya gari. Wakiwa karakana yenye paa na feni, wanafanya kazi. Ndo chanzo. Wewe sababu yako ni wizi na vipande, na ni sababu nzuri vilevile, lakini itakufanya uchague vitu tofauti na tunavyochagua sisi.

Pili, hizo video. Wamarekani wengi wanatumia kebo yenye ganda la chuma lililojisokota, inapinda kama mpira. Wanaifunga moja kwa moja kwenye boksi karakana, saiti wanaipitisha juu ya dari ya kuning'inia au ndani ya kuta za ubao wa jasi. Kanuni zao za umeme zina kifungu kizima, namba 604, kwa ajili ya waya zinazotengenezwa kiwandani. Ulaya nako kuna viunganishi vya kuchomeka vinavyobaki ndani ya jengo moja kwa moja, vina kiwango chake, IEC 61535. Vyote vizuri. Sasa wewe waya zako zinapita ndani ya paipu ya milimita 20 iliyozikwa kwenye zege. Boksi halipiti humo. Plagi haipiti. Kwa hiyo huwezi kunakili video, unachukua wazo tu.

Wazo lenyewe ni hili: tenganisha kitu kinachotegemea ukuta na kitu kisichotegemea ukuta. Kisichotegemea ukuta kipeleke karakana chote, bila huruma. Kinachotegemea ukuta kisubiri ukuta.

DB haitegemei ukuta. Hiyo ndo kazi ya kwanza kuipeleka mezani. Kasha tupu liende saiti lipachikwe, lifunikwe karatasi na tepu, wapaka plasta wamalize fujo zao. Utumbo wake, yaani breka, basbaa (ukanda wa kugawa umeme kwa breka), RCD (swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja), vipande vya nyutro na ethi, vibaki karakana vimefungwa kwenye sahani yake, lebo zimebandikwa, skrubu zimekazwa kwa kipimo alichoandika mtengenezaji. Rangi ikikauka, unaleta utumbo, unaingiza, unafunga waya. Breka hazijaingia simenti hata chembe, na hakuna aliyeiba moja usiku. Kwenye kipande cha nyutro, kila tundu lipewe namba sawa na breka yake. Kama una RCD mbili kwenye DB moja, nyutro za hii na za ile zisikutane hata kidogo. Zikichanganyika, mwanafunzi akichomeka pasi RCD inaruka, na fundi atahangaika kutafuta ethi mbovu ambayo haipo.

Soketi na swichi nazo hazitegemei ukuta. Hapa ndipo utakapofaidi khasa. Kila soketi pacha ifungwe mezani vipande vitatu vya waya wa 2.5 (milimita za mraba), laivu, nyutro na ethi, urefu wa kama sentimita 15, skrubu zimekazwa na kuvutwa kwa mkono kila moja. Saiti fundi haigusi tena skrubu ya soketi. Anaunganisha hivyo vipande na waya zinazoingia na kutoka kwa kiunganishi cha kubana chenye mkono. Sisi tunatumia Wago 221, inabeba ampea 32 na waya mpaka wa 4. Kiunganishi kimoja kwa laivu, kimoja nyutro, kimoja ethi. Faida nyingine: siku soketi ikiungua, unaitoa na vyumba vingine kwenye saketi hiyo vinaendelea, kwa sababu umeme haupiti tena kwenye skrubu zake.

Lakini angalia boksi. Boksi la kina cha milimita 25 halimezi viunganishi vitatu na waya tisa. Nunua la 35. Ukishapachika ya 25 kwenye vyumba vyote umekwisha, kila uso wa soketi utakataa kukaa bapa ukutani.

Kuhusu mkaguzi: BS 7671, kanuni za umeme za Waingereza, haisemi soketi ifungiwe wapi. Inachotaka, kifungu 526.3, ni kwamba kiungo kifikike kwa ukaguzi, kipimo na matengenezo. Kiungo kilicho nyuma ya soketi kinafikika, unafungua skrubu mbili unakiona. Kiungo ndani ya paipu au nyuma ya plasta hapana, na hapo namuunga mkono Mzee, fimbo nitamshikia mie. Na kipimo cha karakana hakifuti kipimo cha saiti. Kazi ikishasimama inapimwa upya yote, kwa sababu msumari wa seremala haujui kama uliipima mezani.

Sasa waya zenyewe, kitu kinachotegemea ukuta. Usikate waya za vyumba 48 kutoka kwenye mchoro. Tengeneza chumba kimoja cha mfano, kile kitakachowahi kupigwa plasta. Kivute waya zote kwa mkono, kifunge, kiwashe, mkandarasi mkuu na mshauri wakione na wasaini. Kisha zitoe waya uzipime moja moja. Hizo ndizo urefu zako, wala si za kwenye karatasi. Kisha pita na futi vyumba kumi hivi, vilivyo vibaya zaidi kwa macho, uone tofauti kubwa ni kiasi gani. Hiyo tofauti, pamoja na sentimita 20 kila mwisho, ndo nyongeza yako. Utapoteza waya kidogo kwa kila kipande, ila kipande kinajulikana, hakipotei kama jani.

Mezani ni rahisi: bomba la chuma linashika rola za laivu, nyutro na ethi pamoja, unavuta zote tatu mpaka kwenye msumari uliouwekea alama ya urefu, unakata mara moja, unafunga tepu na kuandika pande zote mbili. Kabla ya kukunja, pima. Waya wa 2.5 una ukinzani wa miliomu 7.41 kwa mita. Seti ya mita 14, ukiunganisha laivu na ethi ya ukubwa huohuo upande mmoja na kupima upande wa pili, utasoma kama omu 0.21. Ukisoma namba nyingine kabisa, ama urefu si huo au umeuziwa waya mwembamba kuliko ulivyoandikwa. Hiyo peke yake inatosha kulipia mita yako ya kupimia umeme, maana waya za kudanganya zimejaa kila soko.

Na la mwisho, ambalo watu wengi huliona saiti: vyumba vyako havifanani. Nane huku na nane kule, korido katikati. Maana yake vya kushoto ni kinyume cha vya kulia, mlango na swichi vimegeuka. Waya ukishakatwa pengine haujali, ila paipu za slabu zilizokunjwa tayari na maboksi yake zinajali sana. Kuna saiti hapa tuliletewa fremu za paipu zote za upande mmoja, nusu zikarudi karakana. Tenganisha tangu kwenye jina: chumba aina K na chumba aina L.

---

stima_ruiru (Kenya)

Mzenji umemaliza kila kitu, asante. Mimi naongeza upande wa pesa kwa sababu hapo ndipo niliona jamaa wakigombana.

Huku kwetu, na najua TZ ni vivyo hivyo, fundi wa stima analipwa kwa pointi. Taa moja pointi, soketi moja pointi. Sasa ukigawanya kazi, kijana wa karakana amefunga soketi yote, fundi wa saiti amesukuma tu ndani ya boksi na kukaza skrubu mbili. Pointi ni ya nani? Kama hujaamua kabla, fundi wa saiti atadai pointi nzima kama zamani na wa karakana atadai mshahara wa siku, na wewe unalipa mara mbili. Kaa nao chini mapema. Mimi ningegawa pointi: karakana sehemu yake, kuvuta waya sehemu yake, kufunga mwisho sehemu yake. Na atakayerudi kurekebisha ni yule aliyeharibu, bila malipo.

Pili, soma mkataba wako na mkandarasi mkuu. Malipo ya awamu mara nyingi yanahesabu kazi iliyopimwa na vifaa vilivyoko saiti. Ukinunua waya na breka zote za sakafu tatu, ukazifunga vizuri, zikawa zimelala Ihumwa, anayepima kazi atakuja saiti aone maboksi matupu. Umefunga pesa yako yote kwa kibanda na huwezi kudai hata shilingi. Aidha muandikiane kwamba vitu vilivyo karakana vinahesabiwa wakija kuviona, au ufanye sakafu moja moja, unapeleka, unadai, unaingia nyingine.

Na kama ni wizi unakusumbua, peleka kila chumba katoni yake. Ndani waya zake, soketi zake, swichi, viunganishi, skrubu. Nje namba ya chumba. Katoni inatoka asubuhi na chumba kinafungwa jioni. Mwizi anataka rola nzima yenye karatasi ya dukani. Vipande vya mita sita vilivyoandikwa "B12 taa" dukani haviuziki tena, itabidi achome plastiki auze shaba kwa kilo, na hapo jirani wataona moshi.

---

Mzee wa Tindo (Morogoro)

Mzenji marhaba. Umesema kwa adabu na umesema ukweli. Hiyo ya kasha kwanza na utumbo baadaye sisi tumefanya miaka mingi bila kuiita karakana. Hiyo ya mita kupima waya mwembamba nitaichukua.

Bado sikubali paipu za slabu zikunjwe mbali. Mtu wa nondo akishasuka zake, nafasi ya paipu anaamua yeye.

---

Fundi_Ihumwa (Dodoma)

Wakuu, nawashukuru sana. Nimekaa na daftari jana usiku. Nitafanya hivi: DB, soketi na swichi karakana. Waya nitasubiri chumba cha mfano sakafu ya chini, kisha nikate sakafu moja moja kama stima_ruiru alivyosema. Maboksi nimepiga simu dukani, ya 35 yapo, ya 25 niliyokuwa nimeweka oda nimebadilisha.

Maswali mawili ya mwisho. Paipu za slabu, Mzenji, wewe unakunja mezani au unamsikiliza Mzee? Na hizo aina K na L nitofautishe kwa rangi gani vijana wasichanganye?

---

Mzenji_Muscat

Kwenye slabu nusu namsikiliza Mzee. Mie nakata na kukunja mezani kile kipande kinachoshuka kutoka slabu kuingia ukutani, chenye kona yake na boksi la taa, kwa sababu kona hiyo ni ileile kila chumba na springi ya kukunjia paipu inafanya kazi vizuri zaidi mezani kuliko juu ya nondo ukiwa umechuchumaa. Kile kipande kirefu kinacholala ndani ya zege kati ya boksi na boksi nakiacha kinyooke, kinakatwa palepale na kuunganishwa kwa gundi. Mtu wa nondo akihamisha, unakata tu. Usizidishe kona mbili za nyuzi 90 kati ya boksi na boksi. Ya tatu ikiingia, waya utavutwa na watu wawili na mafuta ya sabuni, na ganda litachunika.

Kabla zege halijaja, jaza maboksi ya slabu karatasi iliyoloa na uyafunge tepu. Funga paipu kwenye nondo kwa waya wa kufungia kila hatua, maana zege likitikiswa na mashine paipu inaelea. Na mtu wako mmoja asimame pale wakati wa kumwaga mpaka mwisho, hata kama wamwagaji wanamcheka. Wao ndio wanaokanyaga kopla, yaani viungio vya paipu.

Vile vipande vinavyoshuka, pima kutoka kwenye kamba ya mwashi, usipime kutoka ukingo wa shataringi. Shataringi inasogea, ukuta utafuata kamba. Ukipima vibaya paipu itatokeza katikati ya chumba nusu tofali nje ya ukuta, na hapo itakubidi utindue slabu, kitu ambacho mhandisi wa jengo hatakikubali.

Rangi: chochote kisichokuwa nyekundu, nyeusi, kahawia, bluu, kijani au njano. Hizo zote zina maana kwenye waya, na kijana akiona tepu nyekundu kwenye nyutro siku moja ataiamini. Sisi tunatumia nyeupe kwa upande mmoja na zambarau kwa mwingine, kwenye katoni, kwenye fremu za paipu, na kwenye fremu ya mlango wa chumba chenyewe kwa rangi ya kupuliza, kabla mlango haujapakwa.

---

stima_ruiru (Kenya)

Zambarau hardware ya hapa hawana, labda uagize. Machungwa inapatikana kila mahali.

---

Fundi_Ihumwa (Dodoma)

Machungwa basi. Chumba cha mfano kikisainiwa nitaweka urefu wa waya zote hapa.